Serikali na Popi

Tembea mtaa wowote wa Kisii ambao watu wamefikia kiwango cha kujenga geti, utasoma maneno mawili: MBWA KALI. Yamepakwa rangi nyekundu, mara nyingine na picha ya kichwa chenye meno ya simba. Nyanchwa yapo, Mwembe yapo. Yapo hata Nyamira, kwa mageti ambayo ukichungulia ndani unapata kuku watatu na mbwa mmoja amelala juani akijikuna. Mwalimu wa Kiswahili atakuambia ni "mbwa mkali", lakini nani ana muda wa ngeli akiwa anafukuzwa? Ujumbe umefika. Huku kwetu mbwa ana kazi moja, na kazi hiyo ni ukali. Sijawahi kuona geti limeandikwa MBWA MZEE. MBWA KIPOFU pia sijaona.

Mimi naishi na mbwa wawili. Mmoja haoni. Mwingine ana miguu mitatu. Watu wakiniuliza kwa nini wawili, si ungechukua yule mzima kidogo, huwa nawauliza mzima kidogo ni yupi. Hapo wanaangalia, wanahesabu miguu, wanaangalia macho, halafu wanabadilisha mada.

Kabla sijakutana nao nilikuwa nimeshaandika juu yao, kwa namna fulani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, nikarudi nyumbani na laptopu ya mkono wa pili na kazi ya kuwaandikia watu wa ng'ambo. Mteja mmoja wa Marekani alikuwa na tovuti ya wanyama wa nyumbani. Nimewahi kuandika jinsi ya kumpiga paka mswaki. Nimewahi kuandika vyakula kumi ambavyo mbwa hafai kupewa, mimi mwenyewe siku hiyo nikiwa nimekunywa chai ya rangi tu. Katika kazi hizo ndipo nilipojua kwamba kuna nchi ambako mbwa wasio na mwenyewe hupelekwa kwenye nyumba zao, watu wakajaza fomu ili wawachukue. Na kuna wale ambao nyumba hizo hukataa kuwatenganisha: wawili waliozoeana kiasi kwamba ukimwondoa mmoja, mwingine anaacha kula, analia usiku kucha au anajikunja pembeni asiamke. Unachukua wote au unaacha wote. Wakiwa na ulemavu au ugonjwa wa kudumu huitwa wenye mahitaji maalum, na hao ndio hungoja sana, maana anayetaka mbwa mmoja mzima hatafuti wawili wabovu. Niliandika maneno 1,500 kuhusu hilo kwa jioni moja, nikatuma, nikalipwa, nikasahau.

Kiswahili kina neno kuasili, na tunalitumia kwa watoto. Nalipenda kwa sababu ndani yake kuna asili: unamchukua asiye wako, unampa mwanzo kwako. Lakini jaribu kusema kijijini kwetu kwamba umeasili mbwa. Mbwa huku haasiliwi. Analetwa akiwa mtoto ndani ya gunia, anafungwa kamba wiki ya kwanza ili ajue boma, halafu anafunguliwa. Akizeeka, hakuna neno la kinachofuata.

Nairobi mambo ni tofauti kidogo. Kule Karen kuna makao ya KSPCA, chama cha kuwatunza wanyama ambacho historia yake inaanzia mwaka 1910, na watu huenda pale kuchagua mbwa wa kupeleka nyumbani. Sheria nayo ipo, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na ni ya nchi nzima. Ila kutoka Karen hadi kwetu ni mbali, kwa barabara na kwa kila kitu kingine.

Kwetu ni Keroka. Kama hujafika, Keroka ni mji ambao mpaka wa kaunti umepita katikati yake. Unaweza kununua ndizi Kisii na kuzipeleka Nyamira kwa hatua ishirini, na kaunti hizo mbili zimevutana kuhusu ushuru wa soko tangu zianze. Ni mji wa watu wengi kwenye nafasi ndogo, kama Gusii yote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii hiyo ni karibu watu 957 kwa kilomita moja mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa baba, la baba limegawanywa kwa wana, na sasa kuna vijana wenzangu ambao urithi wao ukiegesha pikapu mbili umejaa. Kwa nafasi kama hiyo kila kitu lazima kieleze kwa nini kipo. Ng'ombe anaeleza kwa maziwa. Majani chai yanaeleza kwa bonasi. Mbwa anaeleza kwa kubweka.

Wale wawili walikuwa wa omongina mmoja, mama mzee mjane, aliyeishi kijiji cha upande wa Nyamira, dakika ishirini kwa nduthi kutoka Keroka. Boma lake lilipakana na la mama yangu. Watoto wake walikuwa mbali, Nakuru na Mombasa huko, na nikienda kijijini nilikuwa namsomea meseji za simu: nani ametuma pesa, ngapi, na salio ni ngapi. Malipo yangu yalikuwa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando.

Mbwa mkubwa, yule wa rangi ya udongo, alimwita Serikali. Nilimuuliza kwa nini.

"Alikuja bila kuitwa," akasema, "na siku hiyo hiyo akaanza kula."

Serikali alipoteza macho polepole. Kwanza yalipata utando kama wa samawati, kisha yakawa meupe kabisa kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Popi, mbwa jike mdogo mweusi, alikuja baadaye. Aligongwa na gari barabarani, mguu wa nyuma ukavunjika, ukaning'inia, ukaoza, na siku moja haukuwepo tena. Omongina aliosha kidonda kwa maji ya chumvi kila asubuhi, mwezi mzima. Daktari hakuwepo katika hadithi hiyo, na kwamba Popi alipona ni jambo ambalo bado silielewi vizuri.

Sijui siku ambayo walianza kutembea pamoja. Nilipowakuta walikuwa tayari wana mpangilio. Popi anatangulia. Kwa kuwa ana miguu mitatu, hatembei, anarukaruka, na mruko wake una sauti: tap-tap, tap, tap-tap, tap. Serikali anafuata sauti hiyo, pua yake karibu na kiuno cha Popi. Popi akifika penye mtaro anasimama, na ule ukimya ndio unamwambia Serikali asimame. Wakivuka, Popi anavuka kwanza, anageuka, anabweka mara moja, Serikali anaruka. Mara nyingine anakosea, anatua majini. Popi humngoja.

Omongina alikufa mwezi wa nne, usingizini, na mazishi yalikuwa mazuri. Hema lilikuja, vyombo vya muziki vilikuja, watoto wote walikuja. Mbwa walilala chini ya meza ya mapadri, watu wakawafukuza, wakarudi. Jioni ya kesho yake familia ilikaa kugawanya. Ng'ombe akaenda kwa mmoja. Kuku wakaenda kwa mwingine. Mabati ya jikoni yalizua mjadala wa saa nzima. Kufikia giza kila kitu kilikuwa na mwenyewe, hata sufuria, na mbwa hawakutajwa na mtu yeyote.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, au labda yalikuwepo zamani nikawa siyasikii. Mzee anayeishi peke yake. Mbwa wawili wa ajabu wanaotembea usiku, mmoja macho meupe, mwingine miguu mitatu. Si unajua vile watu huunganisha. Mtu alisema neno omorogi kwa sauti ya chini, kama mzaha. Mimi sikucheka. Mtu wa Gusii hawezi kulisikia neno hilo kama mzaha baada ya Oktoba 2021, wakati akina mama wazee wanne walipouawa Marani, hapa hapa Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Wazee hawa huanza kwa kusemwa. Kwanza ni mjane, kisha ni mpweke, kisha ana macho mekundu ya moshi wa jikoni, kisha kuna mtoto mgonjwa kwa jirani. Omongina wetu aliwahi kuzikwa kwa heshima kabla maneno hayajakomaa. Yakabaki yanatafuta pa kutua, na mbwa wake walikuwa wamelala pale pale mlangoni.

Wiki mbili baadaye mbwa wa kijiji jirani alimuuma mtoto. Haikuwa Serikali wala Popi, na yule mtoto alipelekwa hospitali akapata sindano zake, yuko sawa. Lakini hofu ya kichaa cha mbwa si ya kijinga, na sitaki mtu asome hii akafikiri nadharau majirani. Mkakati wa taifa wa kumaliza ugonjwa huu, uliozinduliwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba unaua hadi watu 2,000 Kenya kila mwaka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Virusi viko kwenye mate, vinaingia kwa kidonda, vinapanda mishipa ya fahamu taratibu hadi kwenye ubongo. Hiyo safari ya taratibu ndiyo nafasi ya mtu: ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha kimbia hospitali upate chanjo siku hiyo hiyo. Sio kesho, na sio baada ya kuweka mafuta ya taa. Duniani, karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa, na katika kila waathiriwa kumi, wanne hivi ni watoto chini ya miaka kumi na tano.

Sasa fikiria mbwa mwenye kichaa anavyofanana. Anayumba. Anagonga vitu. Anatembea bila kuelekea popote, hatambui mtu, miguu ya nyuma inalegea. Halafu fikiria mbwa kipofu akiwa peke yake. Ukiwa mbali, huwezi kuwatofautisha. Vijana wa kijiji walikubaliana kwamba mbwa wote wasio na mwenyewe wamalizwe kufikia Jumamosi. Mmoja alikuwa na dawa ya kupulizia mazao, mwingine angeleta matumbo ya kuichanganyia. Waliniambia kwa upole, kama watu wanaokujulisha kwamba maji yatakatwa.

Nilienda kwa msaidizi wa chifu. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja: "Ni wa nani?"

"Walikuwa wa omongina."

"Omongina amekufa. Nakuuliza leo ni wa nani?"

Nikasema ni wangu. Basi lete kadi ya chanjo kabla ya Jumamosi, akasema, mbwa mwenye kadi na mwenyewe hatagusa mtu.

Daktari wa mifugo alikuja Ijumaa kwa pikipiki, na kibebeo cha barafu kama kile cha chanjo za watoto. Nilimlipa 300 kwa kila mbwa na pesa ya mafuta. Alikuwa kijana, labda miaka miwili mbele yangu, na alikuwa mtu wa kufundisha. Aliniambia ukichanja asilimia sabini ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakosa pa kupita, unazimika. Ukiwaua badala ya kuwachanja, nafasi zao zinajazwa na wengine kutoka kijiji cha pili, wasiochanjwa, na unarudi ulikoanzia. Kumbe mbwa aliyechanjwa ni kama ukuta, na kumuua ni kubomoa ukuta wako mwenyewe. Aliwapima hao wawili, akafungua mdomo wa Serikali, akaangaza tochi machoni. Macho hayatarudi, akasema, lakini moyo uko sawa, na meno ya mbwa wa miaka saba au nane. Kisha akaniambia kitu ambacho yule mteja wangu wa Marekani angelipia: mbwa huishi kwa pua kwanza, macho ni ya ziada, kwa hiyo usihamishe vitu ovyo. Bakuli likae mahali pamoja na kitanda mahali pamoja. Ongea kabla ya kumgusa.

Mama yangu alirarua lesso kuukuu ya rangi nyekundu, tukawafunga shingoni ili watu waone kwa mbali kwamba hawa wamechanjwa. Jumamosi ilipita. Mbwa sita waliuawa kijijini. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Tatizo likawa moja: sikai kijijini. Nakaa Keroka, chumba kimoja cha kukodi, ghorofa ya pili, na mwenye nyumba alikuwa ameandika sheria zake ukutani, ya nne ikiwa hakuna mifugo. Mama hakutaka kubaki nao, ana kuku. Basi jirani mmoja, mwenye duka barabarani, akasema atamchukua Popi. Alikuwa amemwona akibweka, akampenda, alivyo mdogo na mchangamfu, miguu mitatu lakini kichwa kinafanya kazi. Serikali hakumtaka. "Huyo mzee muache Mungu amwite," akasema. Ilikuwa ofa nzuri. Kwa akili ya kawaida, kuokoa mmoja ni bora kuliko kushindwa na wawili. Mama aliiona hivyo, na sikumlaumu. Popi akachukuliwa Jumanne kwa kamba ya katani.

Serikali hakulia. Alienda hadi mahali ambapo sauti ya Popi ilikuwa imeishia, pale getini, akakaa. Jioni nilimwekea ugali akanusa tu. Usiku wa pili alijaribu kutembea, akaingia kwenye majani chai na kukwama katikati ya mistari, na tulimpata asubuhi akiwa amesimama, hajui mbele wala nyuma, umande umemlowesha. Wakati huo wote nilikuwa nakumbuka ile makala yangu ya maneno 1,500 na jinsi nilivyoiandika haraka.

Ijumaa mwenye duka alirudi na Popi. Amekasirika kweli.

"Umenipea mbwa bubu," akasema. Usiku wa Alhamisi watu walikuwa wamevunja kufuli ya stoo yake, wakabeba sukari na sabuni, na Popi alikuwa amelala kando ya mlango. Hakubweka hata mara moja.

Tulimfungua kamba. Alienda tap-tap, tap hadi kwa Serikali, akamnusa masikio, wakalala. Usiku huo huo mtu alipita njia ya chini akitoka kilabuni, na boma zima likaamka kwa kelele zao. Nilitoka nje na tochi nikaangalia vizuri, kwa mara ya kwanza, jinsi wanavyofanya. Serikali ndiye aliyesikia. Aliinua kichwa zamani kabla ya mtu yeyote, akanguruma. Popi akasikia ngurumo, akakimbia upande ambao kichwa cha Serikali kimeelekea, akaona, akabweka. Serikali akafuata sauti, naye akabweka ile yake nzito inayotoka tumboni. Mtu aliye njiani anasikia mbwa wawili wakali. Ukweli ni mlinzi mmoja, masikio yako kwa mwili huu na macho yako kwa ule. Mwenye duka alichukua macho bila masikio. Bila Serikali kumwambia kuna kitu, Popi hakujua kuna kitu.

Niliwabeba hadi Keroka Jumapili. Hakuna gari la abiria lililotubali, hata zile Probox ambazo hubeba watu kumi, kuku na gunia la viazi. Mwenye nduthi mmoja alikubali kwa nauli mara tatu. Serikali tulimweka kwenye kreti ya nyanya iliyofungwa nyuma, Popi nilimshika kifuani ndani ya jaketi. Kila Popi alipotulia Serikali alianza kuhangaika, kwa hiyo njia nzima nilikuwa namfinya kidogo atoe sauti.

Nilikuwa nimepata chumba kingine pembeni mwa mji, ploti ya mabati na udongo. Mzee mwenyewe aliwaangalia mbwa muda mrefu.

"Huyu haoni."

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu hana mguu."

"Ndiyo."

"Na wewe una nini?"

Nilimwambia nina laptopu na nalipa kufikia tarehe tano. Akacheka, akaniambia kwake nguo huibiwa kwa kamba kila wiki, wakizuia hilo atanipunguzia 300. Hawajaibiwa nguo tangu siku hiyo. Watoto wa ploti waliwarusha mawe wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walikuwa wamejifunza wenyewe kusema "Serikali, mtaro!" kabla hajafika kwenye mtaro. Ukipita hapo jioni utasikia watoto watano wakiionya Serikali kwa pamoja, na watu wazima wakicheka peke yao milangoni.

Lakini kuna simu moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hii inakuwa hadithi ya kujipamba. Dada yangu mdogo yuko kidato cha tatu. Mwezi wa sita alirudishwa nyumbani kwa salio la karo, elfu kumi na mbili. Mama alinipigia jioni.

"Nimesikia unawanunulia mbwa omena," akasema.

"Ni ile imevunjika, mama. Ya bei ya chini."

"Umetoka shule kwa sababu ya pesa. Dada yako ametoka shule kwa sababu ya pesa. Na wewe unafuga vilema."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi. Nami namwelewa: mama yangu ameuza ndizi, majani chai na ng'ombe mmoja ili nifike mwaka wa tatu, na mtoto aliyemfikisha hapo anampikia mbwa ugali. Nilimpa hesabu. Mbwa wananigharimu kama 1,800 kwa mwezi, unga wa posho mill, omena, mifupa ya buchari. Chumba cha zamani kilikuwa 4,000, hiki ni 2,800, ukitoa 300 za ulinzi ni 2,500. Nimeokoa 1,500. Tofauti ni 300. Kuna wenzangu wanaoweka hiyo kwa kubeti kabla ya saa nne asubuhi.

"Na hizo 1,500 zingekuwa karo," akasema mama.

Alikuwa na haki. Ningeweza kuhama bila mbwa. Nilichukua kazi tatu za haraka, za kulala saa tisa, tukachanga, mjomba akaongeza, dada akarudi shule baada ya siku tisa. Hesabu yangu haikufuta zile siku tisa, na sitajifanya kwamba ilizifuta. Nilichoweza kumwambia mama ni hiki: hao mbwa hawakuja kwangu kwa sababu nina nafasi. Walikuja kwa sababu msaidizi wa chifu aliuliza ni wa nani, na mahali pale hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu. Kama kungoja kuwa na nafasi ndio sharti, basi Gusii hii yenye watu 957 kwa kilomita hakuna mzee, mgonjwa wala kipofu atakayepata wa kumwitikia. Tutabaki tukigawanya ng'ombe na sufuria.

Alinyamaza. Kisha akasema bando langu litaisha, akakata.

Dada alikuja likizo ya mwezi wa nane, akalala kwangu siku nne. Alinisaidia kuzungushia ule mtaro mawe. Ndiye aliyegundua kwamba Popi huchoka mchana, mguu uliobaki nyuma unabeba kazi ya miwili, na kwamba afadhali wapewe matembezi mafupi mara mbili. Anataka kusomea udaktari wa mifugo sasa. Au sheria. Inategemea siku.

Sijui tutafanyaje mmoja wao akitangulia. Serikali ni mzee, hilo liko wazi. Popi akibaki atakuwa na macho asiyojua ayaelekeze wapi. Serikali akibaki atakuwa na masikio tu na giza. Nimeanza kutembea nao nikiwa na funguo mfukoni, nazichezesha, ili Serikali azoee sauti nyingine inayotangulia. Kwa sasa hazijali. Anafuata mruko.

Tarehe ya chanjo ya mwaka ujao nimeiandika ukutani kwa kalamu ya wino mzito, juu ya bakuli zao. Na mama amekuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza kazi. Ananieleza bei ya majani chai na nani amefiwa. Mwisho kabisa, wakati najua anataka kukata, anauliza kama mtu aliyekumbuka tu.

"Na Serikali imekula?"

"Serikali hukula kila siku, mama."

"Hiyo najua," anasema. "Hakikisha na yule mwingine amepata."